Askofu Steere, Mshika Mahali pa Mwenzake

Kila kanisa, liwe dogo au kubwa, hufikiwa na siku ambayo mchungaji wake hayupo. Pengine amekwenda masomoni, au amepewa likizo apumzike baada ya kazi ya miaka mingi, au maradhi yamemlaza. Siku hizo Wakristo wa Ubungo na wa Temeke, kama wenzao wa visiwani na wa bara, humpokea mtu mwingine aje ashike mahali pake kwa muda. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kazi ya mgeni huyo si nyepesi. Huongoza kundi ambalo hakulikusanya yeye, na hulima shamba ambalo mavuno yake huenda yakavunwa na mwingine. Akijifanya ndiye mwenye nyumba, watu hukasirika. Akijifanya mpita njia tu, kundi hutawanyika.

Katika habari za Kanisa pwani ya Afrika ya Mashariki yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanafundisha sana jambo hili. Jina lake ni Edward Steere. Alikuja Afrika kwa muda tu, ili amsindikize rafiki yake. Baadaye akashika mahali pa rafiki huyo katika siku za shida, na mwisho akalala kaburini katika kanisa alilolijenga mwenyewe mjini Unguja.

Ujana wake

Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwezi wa Mei mwaka 1828. Alikuwa mtoto mwenye akili nyingi na mwenye kupenda vitabu. Akasoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya sheria, na mwaka 1850 akapewa udaktari wa sheria. Mwaka uo huo akaruhusiwa kuwa wakili barazani. Njia ya cheo na mali ilikuwa wazi mbele yake.

Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ya mabaraza. Alipenda kazi za mikono kuliko watu wengi wenye elimu ya namna yake. Katika ujana wake alijifunza kupiga chapa, akaweza kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo mwenyewe. Siku zile hakuna aliyejua kwamba ustadi huo ungekuwa na faida kubwa katika nchi ya mbali.

Basi akaiacha sheria, akashika utumishi wa Kanisa. Mwaka 1856 akawa shemasi, na mwaka 1858 akapewa daraja ya upadre. Mwaka huo pia alioa. Akatumika Skegness, mahali penye watu wa mashamba na wavuvi, katika jimbo la Lincolnshire, mashariki ya Uingereza. Watu wa kule walimpenda, kwa kuwa hakujiweka juu yao kwa sababu ya elimu yake. Walimwona kuwa mtu asiyeona haya kukunja mikono ya shati na kufanya kazi pamoja nao. Mwaka 1862 akapewa parokia yake mwenyewe, kijiji kidogo kiitwacho Little Steeping.

Safari ya kumsindikiza rafiki

Karibu na kijiji kile alikuwako padre mwingine, William George Tozer, naye alikuwa rafiki mkubwa wa Steere. Mwaka 1863 Tozer alichaguliwa kuwa askofu wa misheni iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati.

Misheni hiyo ilianza kwa ajili ya mwito wa Dr. Livingstone, msafiri mashuhuri. Mwezi wa Desemba mwaka 1857 Livingstone alisema na wanafunzi wa Cambridge, akawaeleza habari za biashara ya watumwa na mateso yake, akawaomba wasiuache mlango wa Afrika ufungwe tena. Waingereza wakakusanya mali na watu, na mwaka 1861 kikosi cha kwanza, pamoja na Askofu Mackenzie, kikafika Magomero, katika milima iliyo karibu na mto Shire. Taabu zikawapata upesi. Njaa ilikuwako, vita vilikuwako, na homa haikuwaacha. Mwezi wa Januari mwaka 1862 Askofu Mackenzie akafa kwa homa. Wengine nao wakafa baada yake. Kundi likawa halina mchungaji.

Ndipo Tozer akatumwa aingie mahali pa marehemu. Steere alipoona rafiki yake anakwenda katika hatari kubwa namna ile, hakutaka aende peke yake. Akajitolea kumsindikiza kwa muda, amsaidie mpaka mambo yatengenee, kisha arudi kwake. Mkewe akabaki Uingereza, na watu wa Little Steeping wakahudumiwa na wengine. Kwa hiyo, kabla Steere hajashika mahali pa mtu yeyote, aliona kwanza mahali pake mwenyewe pakishikwa na wengine.

Walipofika nchi ya mto Shire waliona mambo ni magumu kuliko walivyodhani. Wakakaa kwa muda juu ya mlima Morambala. Nchi ilikuwa imeharibika kwa vita na njaa, na njia ya kupeleka chakula na dawa ilikuwa mbaya. Mwisho Askofu Tozer akakata shauri kuondoka. Shauri hilo lilimhuzunisha sana Livingstone, na watu wengi Uingereza wakaona kuwa misheni imekimbia. Lakini Tozer na Steere walikuwa na fikira nyingine. Waliona kwamba wageni peke yao, wanaokufa kwa homa mmoja mmoja, hawawezi kuipeleka Injili bara. Wanaoweza ni Waafrika wenyewe, wakifundishwa vizuri kwanza. Basi wakatafuta mahali pa kuwafundisha, wakachagua Unguja. Wakafika huko tarehe 31 Agosti 1864.

Lugha ya Waunguja

Siku zile Unguja ilikuwa soko kuu la biashara katika pwani yote. Pembe za ndovu, karafuu na nguo vilipita bandarini, na pamoja na vitu hivyo wanadamu. Kila mwaka maelfu ya watumwa waliletwa kutoka bara, wakauzwa sokoni mchana mbele ya watu wote. Sayyid Majid ndiye aliyekuwa Sultani. Muda si mrefu baada ya wamisionari kufika, yeye akampa Askofu Tozer watoto watano wanaume, waliotwaliwa katika chombo kilichokamatwa kwa kuchukua watumwa. Watoto hao watano ndio waliokuwa mwanzo wa shule na mwanzo wa kanisa. Mmoja wao aliitwa John Swedi.

Sasa Steere alikuwa mwalimu asiyejua lugha ya wanafunzi wake. Watoto wale walitoka makabila mbalimbali. Lugha ambayo wangeweza kusikilizana nayo ni Kiswahili. Steere akaona kwamba kazi ya kwanza si kuhubiri, ila kusikiliza. Akawaendea watu wa mji waliokuwa wajuzi wa lugha yao, akakaa nao, akauliza na kuuliza tena, akaandika kila alichosikia. Akawaomba wamsimulie hadithi zao: za sungura, za masultani na mawaziri, na za Liongo, shujaa wa pwani. Hakusikiliza kwa kudharau. Alitambua kwamba katika hadithi zile mna lugha safi, hekima na mzaha mzuri, na kwamba mtu asiyejua kucheka pamoja na watu hawezi kuwafundisha.

Hapo ndipo ule ustadi wa kupiga chapa ulipokuwa na faida. Misheni ilikuwa na mtambo, na Steere akawafundisha vijana kupanga herufi, kutia wino na kukunja karatasi. Vitabu vidogo vya kusomea vikatoka mikononi mwa vijana wale wale ambao muda mfupi kabla walikuwa ndani ya jahazi la watumwa. Mwaka 1866 misheni ikapata shamba huko Kiungani, nje ya mji, na shule ya wavulana ikawekwa huko.

Wako wengine waliomtangulia Steere katika kazi ya lugha. Dr. Krapf alikuwa amefika Mombasa tangu mwaka 1844, akaandika habari nyingi za Kiswahili cha upande ule. Lakini Steere alikishika Kiswahili cha mji wa Unguja, akakiandika kwa njia nyepesi na ya taratibu, hata mtu yeyote aweze kujifunza. Mwaka 1870 vitabu vyake viwili vilitolewa London: kimoja cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na kimoja cha hadithi za Waswahili. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1928, wajumbe wa nchi za Afrika ya Mashariki walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili kitakachotumika katika shule zote, walichagua Kiunguja. Kazi ya Steere ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotengeneza njia hiyo.

Kurudi kwa kundi lake

Steere alikuwa ameondoka Uingereza kwa muda, na muda ule ulikuwa umepita sana. Miaka ilikuwa imefika mitano. Huko Little Steeping walikuwako watu waliomngojea, na mke wake alimngojea. Mwaka 1868 akarudi kwao, akashika tena kazi ya padre wa kijiji.

Mtu angeweza kufikiri kwamba habari zake za Afrika zimekwisha. Alikuwa ametimiza neno lake, tena kwa kupita kiasi. Alibatiza watoto wa kijiji, akazika wazee, akahubiri kila Jumapili katika kanisa dogo la mashambani. Lakini hakukiacha Kiswahili. Katika miaka hiyo ndipo alipovitengeneza na kuvitoa vile vitabu viwili. Mwili wake ulikuwa Lincolnshire, na kalamu yake ilikuwa Unguja.

Huku nyuma mambo ya Unguja yalikuwa yakiharibika. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia, kikaua maelfu ya watu mjini na mashambani. Misheni nayo ikapoteza watu. Askofu Tozer akashikwa na maradhi, nguvu zake zikapungua. Kisha mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani kubwa ikakipiga kisiwa. Upepo ukang'oa mikarafuu na minazi, ukavunja nyumba, ukazamisha vyombo bandarini. Majumba ya misheni huko Kiungani na Mbweni yakapata hasara kubwa. Waliobaki kazini walikuwa wachache mno, na Uingereza watu wakaulizana kama inafaa kuendelea. Misheni ilikuwa imekwisha kuondoka Shire. Sasa ilionekana kana kwamba itaondoka Unguja pia.

Kushika mahali pa mwenzake

Basi katika mwaka huo wa 1872 Steere akawaaga watu wa Little Steeping mara ya pili, akarudi Unguja. Askofu Tozer hakuweza tena kuendelea na kazi kwa ajili ya afya yake, na mwaka 1873 akajiuzulu uaskofu. Tangu kurudi kwake mpaka mwaka 1874, Steere aliisimamia misheni akiwa padre tu. Hakuwa askofu, na hakuna aliyejua ni nani atakayechaguliwa. Alikuwa mshika mahali.

Jambo hili lafaa kuangaliwa sana. Mtu mwingine angesema kwamba yeye amewekwa kwa muda, na mshika mahali hana haki ya kuanza kazi kubwa. Angetengeneza mapaa yaliyobomoka, angelipa madeni, akamngoja mwenyewe aje. Hata hiyo ingekuwa kazi njema. Lakini nafasi nyingine hazingoji. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, aliyekuwa Sultani baada ya Majid, alitia sahihi mkataba na Waingereza, kwa usimamizi wa balozi John Kirk. Kwa mkataba huo kupeleka watumwa kwa njia ya bahari kukakatazwa, na masoko ya watumwa yakafungwa. Soko la Unguja, lililokuwa Mkunazini, likabaki uwanja mtupu.

Utumwa wenyewe haukwisha siku ile. Watu waliendelea kutumikishwa mashambani, na wafanyaji wa magendo waliendelea kuvusha watumwa usiku. Sheria ya kuufuta utumwa Unguja haikutolewa mpaka mwaka 1897, na hata baada ya hapo wengine walisalia katika hali ile mpaka mwaka 1909. Lakini mahali pale pa kuuzia watu palikuwa pamenyamaza. Padre mmoja wa misheni, Arthur West, akanunua sehemu ya uwanja ule, akaitoa kwa kazi ya Mungu. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi akatoa sehemu nyingine. Steere akaona kwamba haifai kungoja. Siku ya Krismasi mwaka 1873, huku kiti cha askofu kikiwa kitupu, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pa soko la watumwa.

Hivyo mshika mahali hakujiita mwenye nyumba, wala hakukaa kama mpita njia. Alifanya kazi ambayo mwenye nyumba, awe nani, angefurahi kuikuta imeanza.

Mwenye nyumba akawa yeye mwenyewe. Wakubwa wa Kanisa wakamchagua kuwa askofu, na tarehe 24 Agosti 1874 akawekwa wakfu katika kanisa la Westminster, London. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kurudi kazini.

Kanisa la Mkunazini

Kanisa lilichukua miaka kujengwa. Steere hakuwa fundi wa majengo kwa elimu, lakini alikuwa na kichwa cha fundi na mikono ya fundi. Yeye mwenyewe aliisimamia kazi, na mafundi na vibarua wa Unguja wakajenga. Mawe yalikuwa ya matumbawe ya kisiwani. Paa halikuwa la mbao wala la makuti. Lilikuwa kuba refu lililomiminwa kwa kokoto za matumbawe na saruji, limeviringana kutoka ukuta hata ukuta. Ujenzi wa namna hiyo haukuwa umezoeleka katika nchi hizi, na wako waliodhani litaanguka. Halikuanguka.

Watu husimulia habari moja ya kuchekesha juu ya nguzo zilizo karibu na mahali pa kubatizia. Husemwa kwamba Askofu aliposafiri, mafundi walizisimamisha nguzo zile juu chini, na aliporudi alizikuta zimekwisha kujengewa, akaziacha vile vile. Mpaka leo wageni huonyeshwa nguzo hizo. Mwenye kuondoka hana budi kukubali kwamba wengine watafanya kwa jinsi wanavyojua; nguzo zimesimama, na kanisa limesimama juu yake.

Siku ya Krismasi mwaka 1879, miaka sita kamili tangu jiwe la msingi, kanisa lile lilifunguliwa. Sayyid Barghash alikuwa Mwislamu, wala hakuwa na haja ya kulisaidia kanisa la Wakristo, hata hivyo alitoa saa ya mnara. Basi saa ya Sultani ikawahesabia wakati watu wa dini zote mjini. Madhabahu, kwa jinsi inavyosimuliwa, iliwekwa mahali pale pale ulipokuwa mti wa kuwapigia watumwa viboko.

Mbweni na Masasi

Kujenga kwa mawe hakukuwa kazi kubwa kuliko nyingine. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya magendo, na watu waliookolewa walipelekwa misheni, wengine wagonjwa, wengine watoto wasiojua hata jina la nchi yao. Huko Mbweni wakapewa nyumba na mashamba. Mwaka 1877 akaja mwalimu mmoja mwanamke, Caroline Thackeray, akawafundisha wasichana wa Mbweni kwa miaka mingi.

Hata hivyo Steere hakusahau sababu iliyowaleta Unguja. Unguja ilikuwa shule. Bara ndiyo iliyokuwa shamba. Mwaka 1875 alishuka Lindi, akatembea kwa miguu mwendo mrefu mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme mkubwa wa Wayao. Mwaka 1876 akaondoka tena, safari hii pamoja na watu waliokombolewa wa Mbweni, watu wazima zaidi ya 50, waliotaka kurudi bara. Nia yao ilikuwa kukaribia ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, penye vilima vikubwa vya mawe na ardhi njema, watu wakapapenda. Steere hakuwalazimisha kuendelea. Akawasaidia kupima viwanja, na kijiji cha Kikristo kikaanza pale. Njia ile ile iliyokuwa imewapitisha wengi wao wakiwa na minyororo, safari hii iliwapitisha wakiwa huru.

Tena Steere alijua kwamba hata yeye ni mshika mahali. Wazungu waliokuja waliugua na kufa au kurudi kwao. Kanisa linalotegemea marikebu ya kuleta mchungaji mwingine kila mara haliwezi kusimama. Kwa hiyo alitaka wachungaji watoke miongoni mwa wale wale waliofundishwa Kiungani. Mwaka 1879 alimpa John Swedi daraja ya ushemasi, yule aliyekuwa mmoja wa watoto watano wa mwaka 1864. Katika miaka kumi na mitano mtoto aliyetolewa katika jahazi la watumwa alikuwa amekuwa mtumishi wa Kanisa mwenye daraja.

Na usiku, kazi za mchana zilipokwisha, iliendelea kazi ya kufasiri. Vitabu vya Agano Jipya vikafasiriwa kimoja baada ya kingine, pamoja na kitabu cha sala, na kabla ya kufa kwake Wakristo wa Unguja waliweza kusoma Agano Jipya katika lugha yao wenyewe.

Mwisho wake

Mwaka 1882 Steere alikwenda Uingereza mara ya mwisho. Alikuwa amechoka, na afya yake haikuwa njema, lakini hakutaka kukaa mbali na kazi. Akarudi Unguja mwezi wa Agosti. Siku chache baadaye, mwisho wa mwezi huo huo, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 54. Wakamzika nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, katika ardhi iliyokuwa soko la watumwa.

Kundi likawa halina mchungaji mara nyingine tena. Na shida hazikungoja. Mwezi wa Septemba, majuma machache tu baada ya mazishi, Wangoni wakaishambulia Masasi, wakachoma nyumba na kuwachukua watu mateka. Yale yaliyojengwa kwa taabu yalionekana yameangushwa kwa siku moja, na Askofu hayuko. Kama ingalikuwa kazi ya mtu mmoja, ingalikwisha hapo.

Lakini haikuwa kazi ya mtu mmoja. Watu walirudi Masasi wakaanza tena, na baadaye mji huo ukawa makao ya dayosisi. Mwaka 1883 Charles Alan Smythies akawekwa kuwa askofu. Mwaka 1890 Smythies akampa upadre Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa ametekwa utumwani utotoni, kisha akalelewa katika shule ya misheni Unguja. Yeye alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo, akafanya kazi kwa miaka huko Chitangali, katika nchi ya Wayao, mbali na mzungu yeyote. Vita Kuu ilipokuja mwaka 1914, na Wajerumani wakawafunga wamisionari wa Kiingereza waliokuwa bara, makanisa mengi hayakufungwa. Mapadre na waalimu Waafrika waliyashika, wakaongoza ibada na kuwafariji watu mpaka vita vikapita.

Hayo ndiyo mavuno ya shamba la Steere, ingawa hakuyaona kwa macho yake. Alimwingilia mwenzake kazini wakati watu walipokata tamaa, akaishika kazi kana kwamba ni yake, wala hakusahau kwamba si yake. Alijenga kwa mawe ili wengine wasali, akaandika lugha ya watu ili waisome wenyewe, akawafundisha watoto ili siku moja wasimhitaji. Mshika mahali mwema hujulikana kwa jambo hilo: siku ya kuondoka kwake taa haizimiki, kwa maana amekwisha kuwafundisha wenyeji kutia mafuta.